Walioyatunza mashairi ya Óðinn walikuwa Wakristo

Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: je, wapagani wa leo wa Ulaya, wanaotaja miungu kama Óðinn na Þór au wanaokesha penye mawe ya kale ya Stonehenge huko Uingereza, wanaendeleza kweli dini za mababu zao, au wamejitungia dini mpya wakaipa jina la zamani? Jibu langu ni kwamba hawaendelezi. Kamba ilikatika. Lakini nawasihi tusiishie hapo, maana Aisilandi, ninakoishi mwaka wa kumi sasa, kuna kitu ambacho hakikukatika, na waliokishika si wale tunaowadhania.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Mwislamu, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee karibu na Reykjavík. Neno "mpagani" kwetu ni tusi, na nyumbani nimelisikia likirushiwa watu wasiostahili. Hapa nalitumia kwa kuwa ndilo la swali lenu. Na kwa msomaji asiyezijua herufi zao: Þ ni th ya thamani, ð ni dh ya dhahabu. Kwa ulimi wa Mswahili hazina taabu.

Kwanza huko kukatika. Kiangazi cha mwaka 1000, au 999 kwa hesabu ya wengine, wakuu wa Aisilandi walikutana Þingvellir, uwanja wa baraza lao, upande mmoja Wakristo na upande mwingine wafuasi wa miungu ya kale, vita vikinukia. Wakamwachia uamuzi Þorgeir, msoma sheria, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Þorgeir akaenda kulala, akajifunika joho lake gubigubi mchana kutwa na usiku kucha bila kusema neno. Alipoinuka akatangaza kwamba watu wote wabatizwe. Wenye dini ya kale wakaachiwa mambo matatu: kula nyama ya farasi, kuwatelekeza watoto wachanga wasiotakiwa, na kutoa kafara kwa siri, ila mtu akionwa na mashahidi aadhibiwe. Miaka michache baadaye hata hayo yakafutwa.

Kuanzia hapo mpaka mwaka 1972 hakuna kuhani wa Þór anayejulikana aliyemrithisha kuhani mwingine kazi yake. Ni takriban miaka elfu. Mtu akikwambia bibi yake alimfunulia ibada ya siri iliyopita kwa vizazi thelathini, mwombe ushahidi.

Basi haya tunayoyajua kuhusu Óðinn na jicho lake moja, Þór na nyundo yake, yametoka wapi? Yametoka kwa Wakristo. Snorri Sturluson, mtu mkubwa wa siasa na mshairi, aliandika kitabu chake cha Edda mnamo mwaka 1220, zaidi ya miaka mia mbili baada ya ubatizo. Hakuwa na nia ya kuirudisha dini. Alihofia kwamba vijana wanaojifunza kutunga hawataelewa mafumbo ya washairi wa zamani, ambayo yote yamejengwa juu ya hekaya za miungu. Kwa maneno mengine, aliiokoa miungu kwa ajili ya arudhi. Mashairi yenyewe ya kale yako katika kitabu kidogo cha ngozi ya ndama kilichoandikwa mnamo 1270, ambacho leo kimebaki na majani 45. Mwaka 1643 kilikuwa mikononi mwa nani? Mikononi mwa askofu, Brynjólfur Sveinsson wa Skálholt, ambaye alikipeleka kwa mfalme wa Denmaki. Aprili 1971 kilirudishwa kwa meli ya kivita, na watu wakajaa bandarini Reykjavík kukipokea kama anavyopokewa mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1972, siku ambayo kalenda ya hapa inaihesabu kuwa ya kwanza ya kiangazi (hata kama theluji ingali chini), watu wachache walikusanyika wakaunda Ásatrúarfélagið, chama cha imani ya miungu ya kale. Mkuu wao wa kwanza alikuwa Sveinbjörn Beinteinsson, mfugaji wa kondoo na mshairi mwenye ndevu ndefu nyeupe. Inasimuliwa kwamba walipokwenda kuonana na waziri kuomba kusajiliwa, muda mfupi baada ya kuagana naye radi ilipiga na umeme ukakatika katikati ya mji. Mwaka 1973 serikali ikawatambua. Leo wamezidi elfu tano katika nchi yenye watu chini ya laki nne.

Sasa huyu Sveinbjörn alirithi nini? Hapa nawaomba mniruhusu nizungumze juu ya babu mmoja niliyemhudumia.

Alikuwa mfugaji kutoka kaskazini, na kumbukumbu zilikuwa zimemtoka nyingi. Jina la mkewe lilikuwa likija na kupotea. Lakini asubuhi nikimnyoa, povu lingali kidevuni, alikuwa akianza kughani. Sauti inatokea kooni, haipandi sana wala haishuki sana, na kila ubeti ukifika mwisho anaivuta silabi ya mwisho hadi pumzi inakaribia kumwishia. Nilikuwa nashika wembe hewani nikingoja amalize. Hizo zinaitwa rímur, tenzi ndefu zenye vina na urari wa herufi (maneno yanayoanza kwa sauti moja), ambazo Waaisilandi wameghani tangu karne ya 14. Alinieleza kwamba kwa babu yake, jioni za majira ya baridi, nyumba nzima ilikaa chumba kimoja wakisokota sufu na kufuma, na mmoja kati yao akighani ili usingizi usiwachukue kabla kazi haijaisha.

Nilipoanza kuyafuata maneno, nilishangaa. Katika tenzi hizo ushairi huitwa kinywaji cha Óðinn, au mashua ya vibete. Asili yake ni hekaya kwamba vibete walitengeneza pombe ya asali inayompa mtu kipaji cha kutunga, kisha Óðinn akaiiba. Na anayeyasema haya ni mzee wa Kilutheri, msalaba umetundikwa juu ya kitanda chake, Jumapili anasikiliza ibada redioni. Nikamuuliza, "Babu, unamwamini Óðinn?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama anaamini vina. "Hapana," akasema. "Lakini bila yeye huwezi kutunga."

Mhariri, jibu la swali lenu nadhani liko hapo. Dini ilikufa. Lugha ya dini haikufa, kwa sababu ilihamia kwenye ushairi, na ushairi ulikaa katika nyumba za wafugaji Wakristo karne baada ya karne, wakiutunza bila kumchinjia Óðinn hata kuku. Sveinbjörn alikuwa mmoja wa waghani hodari wa rímur wa wakati wake. Hakurithi ukuhani wa mtu yeyote. Alirithi sauti, kisha akaamua kuirudisha mahali anapoona ilitoka. Uamuzi huo ni mpya, wa mwaka 1972. Sauti ni ya zamani. Vyote viwili ni kweli, na anayetaja kimoja bila kingine anapotosha.

Nimewahi kuhudhuria blót, ibada yao, pale pale Þingvellir ambapo Þorgeir alijifunika joho. Hufanywa Juni, siku ya Alhamisi, kwa heshima ya Þór. Hapa kuna jambo ambalo Mswahili atalifurahia. Waingereza na Wadenmaki wanamtaja Þór kila wiki bila kujua, kwa kuwa Alhamisi yao ina jina lake. Waaisilandi, walioyahifadhi mashairi yake, hawamtaji: mwanzoni mwa karne ya 12 askofu Jón Ögmundsson wa Hólar alipiga vita majina ya miungu katika siku za juma, na mpaka leo wanasema fimmtudagur, yaani siku ya tano. Alhamisi yetu nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ya tano. Askofu wa kaskazini kabisa mwa dunia na mabaharia wa Kiarabu wamefikia hesabu moja.

Kulikuwa na manyunyu na upepo. Moto mdogo uliwashwa mbele ya magenge ya mawe meusi, mkuu wa ibada akasoma beti za kale, kisha pembe ya kinywaji ikazungushwa, kila mmoja akitaja anayemkumbuka: mungu, nchi, au mzazi aliyefariki. Ilipofika kwangu niliishika, nikamtaja marehemu mama yangu kwa Kiswahili, nikaipitisha bila kunywa. Hakuna aliyeninung'unikia. Pembeni yangu alisimama mama mmoja wa makamo, koti la mvua hadi magotini. Nikamuuliza kama anaamini hivi ndivyo wazee wao walivyofanya. Akajibu, "Walivyofanya hatujui. Tunajua walivyosema."

Nimewaheshimu kwa jibu hilo. Hata mkuu wao wa sasa, Hilmar Örn Hilmarsson, ambaye ni mtunzi wa muziki, amewaambia waandishi wa habari kwamba hadhani kuna anayeamini kweli mtu wa jicho moja aliyepanda farasi wa miguu minane. Kwao hizo ni taswira za kishairi, za nguvu za maumbile na za nafsi ya binadamu. Wala hawachinji wanyama katika ibada. Adam wa Bremen, kasisi wa karne ya 11, aliandika kwamba huko Uppsala, Uswidi, kila baada ya miaka tisa walitolewa kafara madume tisa wa kila aina ya kiumbe, watu wakiwemo, na miili ikatundikwa mitini. Hakuyaona mwenyewe, naye alikuwa na sababu za kuwachafua. Lakini anayedai mwendelezo kamili lazima atuambie amefanya nini na habari za namna hiyo, na watoto waliotelekezwa je? Wapagani ninaowajua hawataki hata kuyasikia hayo, nami nashukuru.

Kinachoniuma ni wale waliodai kamba haikukatika huku wakiwa wameifunga fundo wenyewe juzi. Uingereza, mwaka 1954, Gerald Gardner, ofisa mstaafu wa forodha aliyefanya kazi Malaya, alichapisha kitabu akisema amekuta kundi la wachawi waliohifadhi dini ya kale kabla ya Ukristo. Alitegemea nadharia ya Margaret Murray ya mwaka 1921, kwamba watu waliohukumiwa kwa uchawi Ulaya walikuwa waumini wa dini hiyo. Wanahistoria wamezipekua kumbukumbu za mahakama hizo na hiyo dini haikuonekana. Doreen Valiente, kuhani wake mwenyewe, alitambua katika maandiko ya ibada za kundi hilo, yaliyoitwa "ya kale", mistari ya Aleister Crowley, mwandishi wa mambo ya uganga na uchawi wa karne ya 20, akaandika upya sehemu kubwa. Dini yao, Wicca, inawafariji watu wengi, na sioni haya kusema inastahili heshima. Ila ni dini iliyozaliwa katika karne moja na mama yangu.

Vivyo hivyo kwa Wadruidi, wanaojiita warithi wa makuhani wa kale wa Uingereza na Ufaransa. Julius Caesar, jemadari wa Roma, anasema wale wa kale walikataa kuandika mafundisho yao. Mwanafunzi aliweza kukaa miaka ishirini akihifadhi kwa moyo. Walimu walipokwisha, mafundisho yakazikwa nao. Mwaka 1792, kilimani Primrose Hill, London, mwashi wa mawe kutoka Wales anayejulikana kama Iolo Morganwg aliongoza sherehe aliyodai ni yao. Hati zake nyingi alizighushi. Na Stonehenge yenyewe ilikuwa imesimama zaidi ya miaka elfu mbili kabla Mdruidi yeyote hajatajwa katika maandishi.

Anayetaka kuona mwendelezo aende kwa Wamari, karibu na mto Volga nchini Urusi. Wao wana misitu yao mitakatifu, wana makuhani waitwao kart, na ibada ziliendelea hata chini ya Wasovieti, mara nyingi kwa kujificha. Nao wamebadilika, wamechukua hiki na kile kutoka kwa Wakristo na Waislamu jirani zao. Lakini huko mzee alimfundisha kijana msituni, kwa mdomo na kwa mkono. Hilo ndilo lililokosekana Aisilandi, Uingereza na kwingineko.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu wako watu, Ulaya na Marekani, wanaovaa nyundo ya Þór shingoni na kusema hii ni dini ya damu, ya watu weupe, wengine tusiisogelee. Ásatrúarfélagið imewakana watu hao waziwazi. Lakini hoja yao yote inasimama juu ya uongo wa kamba isiyokatika: kwamba kuna kitu kilipita katika mishipa kutoka kwa Mviking hadi kwao. Hakuna kilichopita huko. Kilichopita kilipita katika ndama waliochunwa ngozi, wino wa Wakristo, na makoo ya wafugaji waliosali Kilutheri. Kilipita kwa kujifunza. Nami nimejifunza beti kadhaa kutoka kwa mtu aliyezipokea kwa babu yake, nikiwa na wembe mkononi.

Siku moja aliniambia sasa ni zamu yangu, nimghanie kitu cha kwetu. Nikaketi kitandani kwake nikamghania beti tatu za utenzi aliokuwa akiusoma mama yangu, kwa mahadhi yale yale ya Tanga. Neno hata moja hakulielewa. Alikuwa amefumba macho, na kidole chake cha shahada kinagonga blanketi polepole. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo, akanionyesha vidole vitano vya mkono mmoja na vitatu vya mkono wa pili.

"Nane," akasema. "Kila mstari."