Ndege mpya Tanga zitatusaidia nini?

Kaka, umeuliza safari mpya za ndege hapa Tanga zina faida gani kwetu wakati mabasi ya Dar yapo asubuhi hadi jioni. Swali zuri, ila Dar siyo safari pekee.

Mimi nina ndugu Chake Chake, kule Pemba. Kwa dau au boti ndogo hujui utafika saa ngapi, na kusi likivuma watu wanalala bandarini. Ndege inavuka mkondo wa Pemba kwa dakika ishirini na kitu. Nilipompeleka mama yangu msibani, alipimwa uzito pamoja na mkoba wake, akakaa kiti cha nyuma tu ya rubani, karibu hadi mishale ya mitambo anaiona. Tulizika naye. Kwa bahari tungekuta matanga.

Shida yetu ni udogo wa ndege zenyewe. Cessna Caravan ina injini moja na inabeba watu kumi na wawili hivi, basi viti vikijaa ndiyo imetoka, na nauli haishuki. Ndege kama ATR 72 hubeba sabini, lakini hiyo inataka njia ndefu ya kurukia, jengo la abiria na zimamoto wa kutosha. Kwa hiyo mimi naomba uwanja wenyewe upanuliwe kwanza. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa Tanga, Chongoleani. Wageni wa kazi watakuja tu. Nataka na mama zetu wapate kiti.