Injini ikae wapi, na silinda zipangwe vipi?

Maswali ya safari hii yote yanagusa mpangilio wa injini. Wengi mmeanzia kwenye idadi ya silinda. Anayebuni gari huanzia kwingine: gari litabeba nini, litakuwa na urefu gani, na likiharibika nani atalifungua.

Mimi ni dereva wa daladala. Kwa nini injini ya Hiace imewekwa chini ya kiti? Joto linatumaliza. (Dar es Salaam)

Pole sana kaka. Imewekwa hapo kwa ajili ya abiria. Injini ikikaa kwenye boneti inakula sehemu kubwa ya urefu wa gari. Ukiirudisha chini ya viti vya mbele, urefu uleule unapata safu nyingine ya viti bila gari kuwa refu zaidi. Anayelipia ni wewe, kwa joto na kelele, na fundi wako naye lazima ainue kiti ndipo aione injini. Zaidi ya hayo, ukigonga, mbele ya miguu yako hakuna chuma cha kutosha cha kujikunja. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko joto.

Hiace iliyotoka mwaka 2019 kwa masoko ya nje ya Japani ilipewa boneti fupi, na injini ikasogezwa mbele. Japani kwenyewe ile ya zamani imeendelea kuuzwa, kwa kuwa umbo lake la kawaida linaingia kwenye kundi la magari yasiyozidi urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7.

Nasikia silinda sita za mstari hazitetemeki kama nne. Kama ni kweli, mbona si kila gari linazo? (Nairobi)

Ni kweli. Tazama pistoni moja tu. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka duara, lakini konrodi, mkono unaoiunganisha na pistoni, inalala upande kila krenki inapozunguka, kwa hiyo pistoni huenda mbio zaidi ikiwa nusu ya juu ya safari yake kuliko nusu ya chini. Kwenye silinda nne, mbili zikipanda mbili zinashuka, ila mwendo wa zilizo juu haulingani na wa zilizo chini. Nguvu hazifutani zote. Zinazosalia huitikisa injini juu na chini mara mbili kila krenki inapozunguka mara moja. Ndiyo maana baadhi ya injini za silinda nne hufungwa shafti mbili za kusawazisha, zinazozunguka kasi maradufu ya krenki. Silinda sita za mstari, krenki yake ikigawanywa kwa nyuzi 120, hazibakizi nguvu hiyo kabisa. Hata 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 ya Land Cruiser nyingi za mbugani, haihitaji shafti hizo.

Tatizo ni urefu. Injini hiyo haiingii kirahisi kwa upana katikati ya magurudumu ya mbele, na ikiwekwa kwa urefu inadai boneti ndefu. V6, yaani silinda sita katika safu mbili zenye umbo la V, iliingia sokoni mwaka 1950 ndani ya Lancia Aurelia, na ni fupi zaidi, lakini inataka silinda hedi mbili na njia mbili za ekzosi.

Mfano ninaoupenda ni wa Mercedes-Benz. Mwaka 1997 waliiacha sita ya mstari wakaenda kwenye V6 ya nyuzi 90, pembe ambayo si bora kwa silinda sita, kiasi kwamba walilazimika kuongeza shafti ya kusawazisha. Waliikubali kwa sababu ingeweza kutengenezwa pamoja na V8 yao. Mwaka 2017 wakarudi kwenye mstari. Safari hii mikanda ya mbele ya injini iliondolewa kwa msaada wa umeme wa volti 48, injini ikafupika. Ekzosi ikiwa upande mmoja, turbo na kifaa cha kusafisha moshi vinakaa karibu na kupata joto upesi. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi mara zote mbili, na mara zote mbili ulaini wa injini haukuwa mwamuzi mkuu.

Vitz yangu ya lita 1 ina silinda tatu. Je, nimepunjwa? (Morogoro)

Hapana dada. Lita 1 ikigawanywa kwa nne, kila silinda inabaki na sentimita za ujazo 250, na silinda ndogo hupoteza joto jingi kwenye kuta zake. Tatu zina msuguano mdogo na vipuri vichache. Ubaya ni ule mtikisiko wa sailensa, yaani injini ikinguruma gari limesimama. Ukizidi, kagua kwanza mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini.

Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi wa ufundi, tunabuni pikapu ya kubeba nusu tani ya mazao milimani. Tunayo injini ya Probox, 1NZ. Tuvute kwa magurudumu ya mbele kama ilivyo, au ya nyuma? (Arusha)

Marahaba wanangu. Hesabuni kabla ya kuchomelea chochote. Tuseme pikapu tupu ina kilo 1,000, na 600 ziko mbele. Wekeni kilo 500 juu ya ekseli ya nyuma: mbele bado 600, nyuma 900. Sasa lipande mwinuko wa asilimia 20. Kama kitovu cha uzito kiko sentimita 70 juu ya ardhi na ekseli zimeachana mita 2.5, mbele inabaki na karibu 510, nyuma inapata karibu 960.

Kupanda kunataka mvuto wa karibu kilo 295. Kwenye tope lenye mshiko wa 0.35, yaani tairi hushika asilimia 35 ya uzito ulio juu yake, magurudumu ya mbele yatatoa chini ya 180, ya nyuma karibu 335. Linalovutwa na ya mbele linateleza, linalosukumwa na ya nyuma linapanda, na ziada yake ni ndogo.

Lakini rudini kwenye gari tupu. Nyuma ina kilo 400 tu, na tope lilelile litalishinda. Dawa ni kuurudisha uzito wa injini nyuma ya ekseli ya mbele, chini ya viti, kama kirikuu, ile Suzuki Carry. Giaboksi ya 1NZ ya Probox imeundwa kwa injini iliyokaa kwa upana. Kuigeuza kutawamalizia fedha kwenye bamba la kuunganishia injini na giaboksi, sampu (karai la oili) na mabomba. Mimi ningeiuza nitafute 3SZ ya Townace: lita 1.5 vilevile, inakaa kwa urefu, na giaboksi yake inapeleka nguvu nyuma. Zile sentimita 70 ni makisio yangu. Chukueni gari linalofanana na lenu, pimeni uzito wa kila ekseli, kisha inueni moja mpime tena, mtapata kimo cha kweli.

Plagi za Forester zinamtesa fundi wangu. Kwa nini Subaru wanang'ang'ania injini iliyolala? (Nakuru)

Wameitumia tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966. Pistoni zinazotazamana huenda nje na kurudi pamoja, nguvu zinafutana, na uzito unakaa chini, kwa hiyo gari halilali sana kwenye kona. Giaboksi inafuata moja kwa moja nyuma, na kugawa nguvu kwa magurudumu manne kunakuwa rahisi. Lakini upana wa injini unazipeleka silinda hedi hadi karibu na reli za chesisi, na plagi zinatazama huko. Fundi wako atoe kwanza betri na boksi la ekleana, atumie ekstensheni fupi mbili badala ya moja ndefu, na afanye kazi injini ikiwa imepoa.