Mwanangu, kuhusu ile miaka yangu ya stejini

Marahaba mama. Nakuita mama kama kawaida, jina la bibi yako umelibeba hata kama siku hizi wewe ni bosi.

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikanuna kidogo, ya tatu ndo nikaelewa unachouliza. Unasema umepewa kitengo hapo Mwanza, watu saba chini yako, wanne wamekuzidi umri, ukiongea kwenye kikao wanachezea simu, halafu ukamalizia na hilo swali lako, "baba hivi ile miaka kumi ya maigizo ilikupa nini, maana hela hatukuiona". Ya hela tutafika, usiwe na haraka.

Kwanza ujue tulikuwa tunachezea wapi, maana nyie mkisikia maigizo ya jukwaani mnawaza ukumbi wa viti vyekundu na pazia. Sisi ilikuwa baa. Dar ya miaka ya tisini, vikundi vikubwa kama Muungano na TOT wanajaza kumbi mpaka watu wanachungulia juu ya ukuta, na vikundi vidogo kama chetu tunaokota kilichobaki, Jumamosi Tandika, Jumapili Mbagala, steji yenyewe kreti za bia zimelazwa mbao juu. Shoo inaanza na ngoma, inakuja sarakasi, kichekesho, halafu mchezo wenyewe unaingia saa nne usiku watu washalewa. Skripti hakuna. Mwenyekiti anatusimulia kisa mchana, wewe mume, wewe mkwe, wewe mganga, mnaanzia hapa mnaishia pale, maneno mtayajua wenyewe.

Sasa kwa mchezo wa namna hiyo cha kwanza unachojifunza ni kupokea. Ndo neno tulilokuwa tunatumia, fulani anapokea vizuri, yule hapokei. Asiyepokea ni yule anasubiri zamu yake huku kichwani anapika kichekesho chake, unamwambia "mume wangu mtoto anaumwa" yeye anakujibu habari ya Simba na Yanga kwa sababu ndo aliyoiandaa tangu nyumbani. Watu wanamjua hapo hapo, na wanavyokuonyesha ni kwa chupa. Wakiwa na wewe baa nzima huisikii chupa. Ukiwapoteza utasikia kiti kinaburutwa, mtu anamwita mhudumu, halafu chupa zinaanza kugongana. Na ukishazisikia usije ukapandisha sauti, kila mgeni alikuwa anafanya kosa hilo, ukipandisha na wao wanapandisha, mnageuka mnada. Tuliofundishwa tulikuwa tunashusha, unamgeukia mwenzako unamwangalia usoni unamuuliza kitu ambacho kweli unataka kukijua, na yeye anajibu, na taratibu unasikia baa inarudi. Mimi naamini kwenye vikao vyako unapandisha sauti. Umerithi kwa mama yako, na hapa nimemsomea anacheka.

Kuna siku pale Keko nilipotea. Yaani nimesimama katikati ya steji nimevaa suti ya kuazima na kichwa ni cheupe, sijui naitwa nani wala nimekuja kufanya nini. Aliyekuwa anacheza mama yangu mzazi alikuwa dada mmoja mtu mzima, mauzo yake ya mchana ni maandazi. Akanisogelea bila haraka, akanitengeneza kola ya shati, akaniuliza "mwanangu, tangu asubuhi umetia kitu tumboni kweli?" Nikasema sijala mama. Na ndani ya hiyo njaa nikakumbuka, ahaa, mimi ni mtu ambaye hajalipwa mshahara miezi mitatu, kisa kikarudi chote. Watu hawakujua kitu, walidhani ni huruma ya mama, kuna mmama akaja kumtunza noti kabisa. Angenisemea maneno yangu ningekuwa nimekufa pale, kila mtu angeona nimesahau. Sasa si uliniambia mwenyewe kwamba yule kaka wa ofisini kwako alikwama mbele ya mkurugenzi na wewe ukadaka ukamalizia ripoti yote? Ulivyosimulia ulijiona umemsaidia. Jiulize yeye alikaa vipi kwenye kile kiti dakika zilizobaki, afu ndo utajua kwa nini anaangalia simu.

Habari ya uongozi nilianza kuiona nikiwa sekondari, tulipocheza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile ya mwaka 1969. Mimi nilikuwa mwanakijiji, mistari miwili, kwa hiyo muda mwingi nilikuwa nimesimama tu natazama. Yule mzee Kinjeketile anawapa watu neno kwamba maji yatawakinga na risasi za Mjerumani, makabila yaliyokuwa hayapikiki chungu kimoja yanaungana, na hapo kila kitu kizuri. Halafu anagundua kwamba pepo alipompanda alitamka kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani watoke kwa huyu waingie kwa yule, shaka inamshika, anaomba wasubiri kwanza. Nani amsikilize? Neno lilishamtoka, sasa ni la watu. Kinjeketile mwenyewe wa historia Wajerumani walimnyonga Agosti 1905 vita ya Majimaji ndo kwanza inaanza, lakini Hussein kwenye mchezo kambakiza hai mpaka watu wamekufa, ili umuone akiwa kifungoni anaambiwa sema maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu akisema hivyo ni kama amesema hata kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Mimi na mistari yangu miwili nilikuwa nalia kila mazoezi. Wewe umewaambia hao saba kwamba Desemba kuna bonasi, na ukaniambia hujaisikia kwa mtu yeyote, umesema tu kuwapa moyo. Nenda kalisahihishe mapema mama, likiwa bado dogo.

Na kabla sijasahau, huko huko mkoani kwako, Malya, mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kukaa na wanakijiji. Nilisimuliwa hii kwenye kozi fupi Bagamoyo. Hawakwenda na mchezo kwenye begi. Walianza kwa kuwauliza watu kinachowasumbua, kikatoka cha watoto wa shule kupata mimba, na mchezo ukatengenezwa na wenyewe wa pale, ngoma zao wenyewe, halafu ukishachezwa watu wanakaa wanajadiliana. Wewe kitengo umeingia na slaidi ishirini siku ya kwanza. Sisemi kitu.

Haya, hela.

Kulikuwa na mchezo mmoja nacheza mume mlevi anauza cherehani ya mkewe akanywe. Ulipendwa sana ule, tulikuwa tunaurudia kila wiki. Siku moja nimeibeba cherehani begani natoka nayo, mke wangu wa mchezo amenishika mguu analia, akanyanyuka mama mmoja kule nyuma, akaja mpaka stejini, akamwekea yule dada noti mkononi, akavua kandambili akanibamiza nayo begani pa! Baa yote ikasimama kushangilia. Nami sikuruhusiwa kutoka kwenye uhusika, nikapepesuka nikaendelea na safari. Baada ya shoo akanifuata nje akaomba radhi, akasema na ya kwake ilikuwa nyeusi hivi hivi, aliinunua kwa mkopo wa upatu, na mwenye kuiuza hakurudi mpaka leo. Tukasimama pale robo saa nzima hatujuani majina.

Sasa mama yako siku hiyo alikuwepo, mstari wa tatu, wewe umelala mgongoni kwake. Kwenye daladala hakusema neno. Tumefika nyumbani anawasha kibatari ndo akasema, taratibu kabisa, "Leo hujaigiza."

Mimi nikajidai sijaelewa. Nilielewa. Hela ya kutunzwa tulikuwa tunagawana usiku ule ule, na yangu siku nyingi ilikuwa haivuki geti la baa, naigiza mlevi saa nne, saa sita nipo kaunta, na nyumbani nasema leo watu walikuwa wachache. Nilicheza ule mchezo miezi nikipigiwa makofi kwa ufundi, kumbe nilikuwa sijawahi kuusikiliza hata mara moja, mpaka aliponisomea mtu anayelala pembeni yangu. Sikuacha siku ile, nisikudanganye. Nilirudi nyuma mara kadhaa. Ila sikuweza tena kuibeba ile cherehani begani bila kumuona yule mama anavua kandambili.

Kwa hiyo hesabu ndo hiyo, miaka sita ya kwanza niliinywa, na miaka minne ya mwisho imo kwenye ile cherehani ya sebuleni, zile sketi zako za bluu za shule unafikiri zilishonwa na nini. Siku hizi inaruka uzi. Mama yako anasema ukija Desemba mtakwenda naye Kariakoo kutafuta mkanda na sindano, mimi hataki kuniagiza anasema napunjwa.