Naikhofia kesho: je, imani yangu ni pungufu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa. Tumeambiwa wafanyakazi watapunguzwa, na hatujui nani atabaki. Mke wangu ni mja mzito, na mamangu anitegemea mimi. Usiku silali. Rafiki mmoja asema khofu hii ni upungufu wa imani. Mwengine ataka kunipeleka kwa mzee atazamaye bao, nijue yatakayonikuta. Na kuna wakala ataka pasipoti na pesa anipeleke Ghuba kufanya kazi. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Kuogopa si kukosa imani. Nabii Musa (amani iwe juu yake) alitoka mjini, yasema Qur'ani katika Suratul Qasas, hali ana khofu, akiangalia huku na huku. Aliposhika njia ya Madyan hakujua atafikia kwa nani. Alitaraji tu kuwa Mola wake atamwongoza. Akafika kisimani, mgeni, hana kazi wala pa kulala. Akawakuta wanawake wawili wamejitenga na wanyama wao, wakingoja wachungaji waondoke. Akawanyweshea. Ndipo akageuka kivulini akaomba: "Rabbi innii limaa anzalta ilayya min khayrin faqiir", Mola wangu, mimi ni mhitaji wa kheri utakayoniteremshia. Kazi iliyokuwa mbele yake aliifanya kwanza, kisha akaomba. Mmoja wa wale wanawake akarudi kumwita kwa babake, na huko Musa akapata hifadhi, mke, na kazi ya miaka 8, au 10 akipenda. Pale kivulini hakuwa ameona hata moja katika hayo. Kisa hiki nakipenda mno, na kila kijana anijiaye na dhiki kama yako humsomea.

Utulivu unaoutafuta, basi, hautaletwa na kuijua kesho. Mlango huo Allah ameufunga: "Wala nafsi haijui itachuma nini kesho" (Luqman, aya 34). Kwa hivyo mzee wa bao usimwendee, hata kwa kujaribu. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (swalla Llahu alayhi wa sallam) amesema amwendeaye mtabiri akamuuliza jambo, haikubaliwi swala yake masiku 40. Na wakati huu ndio unaoihitaji swala yako zaidi.

Kutawakali, yaani kumtegemea Allah, nako si kukaa. Mtume alipohama Makka alimkodi mjuzi wa njia, mtu ambaye hata Mwislamu hakuwa. Nawe shika sehemu yako. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 champa anayepunguzwa ilani ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Kudai haki hiyo si kukosa subira. Barua ikija, usitie saini kabla hujaisoma na mtu ajuaye.

Kufanya kazi Ghuba si haramu, lakini huyo wakala mwulize leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujampa pasipoti au shilingi. Likikuelekea, swali istikhara, swala ya kumwomba Allah akuchagulie lenye kheri. Wengi hapa kwetu huswali kisha wakalala wakingoja ndoto. Hadithi ya Jabir, inayofundisha swala hiyo, haikutaja ndoto. Ukishaomba, endelea na jambo lako: likiwa na kheri Allah atalisahilisha, likiwa na shari atakuepusha nalo.

Hukuniandikia kama mkeo amejua. Mtume aliposhuka kutoka pango la Hira akitetemeka, baada ya wahyi wa kwanza, alimwendea mkewe, bibi Khadija, akamwambia ameikhofia nafsi yake. Naye hakumlaumu, alimtuliza kwa kumtajia mema yake: waunga udugu, wambebea mzigo asiyejiweza, wamkirimu mgeni. Wewe nawe wamlea mamako, na mkeo ayaona. Mwambie leo, asije akayasikia kwa majirani.

Wallahu a'lam.