Maswali na Majibu: Shingo ya Mchezaji wa Raga

Barua nyingi safari hii zinahusu shingo. Nimechagua sita, na nimezifupisha.

Daktari, mimi nacheza flanka, yaani pembeni mwa skramu (pale washambuliaji wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana). Nilimkaba mtu, kichwa changu kikasukumwa upande mmoja na bega likabaki upande mwingine. Mkono wa kulia ukawaka moto hadi vidoleni, ukalegea. Dakika mbili baadaye ulikuwa sawa, nikaendelea na mchezo. Kuna ubaya?

Ulikuwa sawa kwa kipimo gani? Mkono kuacha kuwaka si sawa na mkono kurudisha nguvu. Kilichokupata ni cha kawaida sana kwenye raga: mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ilivutwa, au mizizi yake ilibanwa pale inapochomoza kati ya pingili. Mara nyingi huwa mzizi wa tano na wa sita kutoka juu ya shingo, ndiyo maana kinachodhoofika ni kuinua mkono pembeni na kukunja kiwiko. Ikiwa ni mkono mmoja, kwa dakika chache, kisha nguvu zote zikarudi, kwa kawaida hakuna madhara ya kudumu.

Ila kabla hujarudi uwanjani, anayejua kazi hiyo alinganishe mikono yako miwili. Uinue pembeni huku yeye anaikandamiza, ukunje viwiko huku anavivuta, ugeuze shingo pande zote bila maumivu. Kimoja kikikosekana, mechi yako imekwisha. Udhaifu ukidumu wiki tatu hivi, kipimo cha umeme wa neva na misuli kitaonyesha mshipa umeumia kiasi gani. Hali ikijirudia, MRI (picha ya sumaku) ifanywe kutafuta diski, yaani mto wa kati ya pingili, iliyotokeza au tundu la mzizi lililo jembamba.

Na hapa sina mjadala na mtu: ikiwaka au kufa ganzi mikono yote miwili, au mkono pamoja na mguu, hilo si la mzizi tena. Ni ugwe mgongo wenyewe, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Hata kama baada ya robo saa mtu amesimama anacheka na wenzake, anakwenda hospitali shingo ikiwa imeshikiliwa, na hachezi tena kabla ya MRI.

Mimi ni meneja wa timu, si mganga. Skramu ikiporomoka na mchezaji akabaki amelala kifudifudi, analalamika shingo, nimgeuze?

Akiwa anapumua na kuzungumza, usimgeuze. Piga magoti upande wa kichwa chake, kishike kwa mikono miwili kama ulivyokikuta, bila kuvuta wala kunyoosha, na mtu mwingine aite ambulensi. Mwambie akujibu kwa mdomo, maana watu wana tabia ya kuitikia kwa kutikisa kichwa. Muulize kama anahisi vidole vya mikono na miguu, na kama anaweza kuvichezesha. Wenzake watataka kumwinua akae "apate hewa". Wazuie, hata kwa ukali. Refa naye atasubiri.

Asipopumua vizuri, mambo yanabadilika: njia ya hewa inatangulia shingo. Mgeuzeni mkiwa wengi, kichwa na kiwiliwili vikizunguka pamoja, na amri itoke kwa aliyeshika kichwa. Toeni kinga ya meno, msukumeni taya mbele bila kukunja shingo nyuma. Endeleeni kukitazama kifua hata akitulia, kwa sababu mzizi wa tatu, wa nne na wa tano ndiyo inayoendesha kiwambo cha kupumulia. Aliyeumia juu huko anaweza kuishiwa pumzi polepole mbele ya macho yenu.

Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, lakini wiki ya tatu sasa shingo inauma nyuma, katikati kabisa. Nianze mazoezi?

Usianze. Rudi kwa daktari. Eksirei hukosa baadhi ya mivunjiko, hasa chini ambako mabega hufunika pingili za mwisho. Kwa mifupa, CT (eksirei ya kompyuta) ndiyo ya kutegemea; kwa kano, diski na ugwe, ni MRI. Kano zikikatika, pingili zinaweza kuteleza ingawa kila mfupa ni mzima, na tiba yake ni kola ngumu kwa wiki kadhaa au upasuaji wa kuziunganisha.

Si kila shingo inayouma inahitaji mashine. Kanuni ya Kanada ya kuamua nani apigwe picha ya shingo, iliyochapishwa mwaka 2001, inaruhusu kuacha picha kwa mtu mwenye akili timamu ambaye hakuumia kwa namna ya hatari, hana ganzi, ametembea mwenyewe, na anageuza kichwa nyuzi 45 kila upande. Lakini kanuni hiyohiyo inahesabu kugongwa utosini kuwa namna ya hatari, na kwenye raga hilo si jambo geni. Maumivu ya pembeni, kwenye msuli, ni habari nyingine: dawa ya kawaida ya maumivu, kuisogeza shingo mapema, na wiki chache.

Na kola laini za dukani?

Kwa msuli uliokazwa, hazisaidii. Shingo inakakamaa tu.

Kuna jamaa hutuzungusha shingo baada ya mechi mpaka ilie "ka!" Tunajisikia wepesi. Kuna hatari?

Baada ya kugongwa, ipo. Pigo la shingo linaweza kuchana ukuta wa ateri inayopeleka damu kwenye ubongo, na dalili ya kwanza huwa maumivu ya shingo au kichwa ambayo mtu hajawahi kuyasikia. Kizunguzungu, kuona viwiliviwili, kope kulegea au kutembea kwa kuyumba ni dharura. Kuizungusha shingo kama hiyo kwa nguvu ni kualika kiharusi.

Mwanangu wa miaka 15 amewekwa propu, mstari wa mbele wa skramu. Nimkataze?

Mimi nisingemkataza, ila ningekwenda kutazama mazoezi. Tangu 2013 mistari ya mbele hushikana kwanza ndipo isukumane, na vipimo vilionyesha kishindo kilipungua kwa takriban robo. Kwa walio chini ya miaka 19, skramu haisukumwi zaidi ya mita 1.5. Mafunzo pia yana uzito: Nyuzilandi ilianza mwaka 2001 kuwalazimisha makocha na marefa kujifunza usalama, na hadi 2005 jeraha kubwa la uti wa mgongo lililotokana na skramu lilikuwa moja tu, wakati mwenendo wa awali uliashiria tisa.

Kwa hiyo mwulize kocha maswali mawili. Je, watoto wanafanya mazoezi ya kuimarisha shingo kabla ya kuingizwa kwenye skramu ya kweli? Na mchezaji wa mstari wa mbele akitolewa, asipokuwapo aliyefunzwa, mnamwingiza yeyote au mnaomba skramu isiyo ya kusukumana? Jibu la pili likiwa "yeyote", mhamishe timu.