Mliofuta patisheni ya buti, toeni mikono kwenye kibodi kwanza

Wadogo zangu mnaojifunza ufundi wa kompyuta hapa Mtwara, juzi kijana mmoja wa karakana yetu alifuta patisheni ya EFI, yaani kile kipande cha diski chenye faili za kuwashia mashine, kwenye kompyuta yenye Windows na Ubuntu (mfumo wa Linux), na kabla sijamaliza kumwuliza kilichotokea alikuwa amekwisha kuchomeka flashi ya Windows na kufika kwenye ukurasa wa kuchagua mahali pa kusakinisha. Nilimshika mkono. Huyu ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu walikuwa wakielekea kwenye shimo lilelile nililotumbukia mimi. Nawapenda, lakini haraka yenu inanichosha, kwa hiyo naandika mambo haya mara moja ili nisiyarudie kila msimu.

La kwanza ni kujua mmefuta nini. Patisheni ile ni ndogo, mara nyingi MB 100 ikiwa imetengenezwa na Windows, ni ya mpangilio wa FAT32, haina herufi kama C au D, na kwa kawaida ndani yake hamna faili hata moja la mteja. Mna folda ya EFI, na ndani ya hiyo mna folda ya Microsoft yenye kiwashio cha Windows, bootmgfw.efi, na orodha yake ya kuwashia, BCD, pamoja na folda ya ubuntu yenye viwashio vya Ubuntu, shimx64.efi na grubx64.efi. Ikifutwa, Windows ipo palepale na Ubuntu ipo palepale. Ufunguo wa ghala umepotea, lakini magunia yote yamo ndani. Fundi asiyelijua hili ndiye anayekwenda kuyachoma magunia kwa sababu mlango haufunguki.

La pili ni kuuliza mashine inatumiwa na nani, na hapa lazima niwasimulie yangu yote.

Ilikuwa Novemba 2019, katikati ya msimu wa korosho. Karani wa chama cha msingi kimoja alishuka kutoka Tandahimba na kompyuta mpakato yenye SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240, akaniomba niiongezee nafasi C, patisheni ya Windows, kwa kuwa orodha za wakulima na kilo zao zilikuwa zimeijaza na mnada ulikuwa karibu. Mwanawe, aliyekuwa chuoni, alikuwa amewekewa Ubuntu 18.04 kando ya Windows 10 kwenye mashine hiyohiyo, na humo ndimo alimokuwa akiandika ripoti yake ya utafiti ya mwaka wa mwisho. Karani hakunitajia habari za mwanawe, nami sikumwuliza.

Nilifungua diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski, nikaona patisheni ya MB 100 isiyo na herufi, nikadhani ni masalia ya usakinishaji wa zamani. Nilipoamuru ifutwe, diskpart ilikataa na kusema kwamba patisheni hiyo inalindwa. Ningepaswa kusimama hapo na kujiuliza ni nini hicho kinacholindwa. Badala yake nikaongeza neno override, ikafutika. Nilipowasha upya, kioo kikaandika kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Nikachomeka flashi, nikajaribu ukarabati wa moja kwa moja, ukashindwa. Nikaandika amri ya kutengeneza buti, bootrec /fixboot, ikajibu kwamba ruhusa imekataliwa. Karani alikuwa ameketi mbele yangu akitazama saa yake, kwa sababu basi la mwisho lilikuwa linakaribia kuondoka, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia, mzee, nimeharibu, naomba uniachie mashine mpaka kesho. Sentensi hiyo moja ingeokoa kila kitu.

Nikaamua kusakinisha Windows mpya. Orodha ilionyesha patisheni mbili kubwa, moja yenye jina na nyingine isiyo na jina, nikaamini ile isiyo na jina ni tupu. Nikaifuta, nikasakinisha humo. Mashine ilipowaka nikafungua D, ambayo sasa ndiyo ile patisheni ya Windows ya zamani, nikakuta orodha zote za wakulima zimesalimika. Karani alishukuru, akanilipa, akawahi basi.

Jioni mwanawe alinipigia simu. Alisalimia kwa adabu, shikamoo kaka, kisha akauliza mbona ile menyu ya zambarau ya kuchagua mfumo haionekani tena. Mpaka leo nakumbuka nilivyonyamaza.

Mashine iliporudishwa kwangu, TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizofutwa, iliona mipaka ya patisheni ya zamani ya Ubuntu, lakini PhotoRec, mwenzake wa kuokoa mafaili, haikunitolea ukurasa hata mmoja wa ripoti ile. Windows inapofomati SSD huiarifu diski kwamba sehemu ile haihitajiki tena, nayo diski huisafisha yenyewe. Kwenye diski ya kuzunguka pengine ningepata vipande. Msimamizi wake chuoni alikuwa na rasimu ya karatasi ya sura tatu. Nilirudisha pesa ya karani, nikaziomba karatasi zile, nikazichapa upya usiku kwa usiku kwa siku tisa, kurasa 47. Sura ya nne, yenye majedwali ya takwimu alizokusanya vijijini kwa miguu, ilimbidi aianze upya kutoka kwenye madodoso. Nilimwomba radhi yeye na baba yake wakiwa pamoja, nao wakanisamehe, lakini zile wiki alizopoteza sikuweza kumrudishia.

Basi, la tatu: patisheni ikifutika, msisakinishe chochote, msifomati chochote. Washeni kwa flashi ya Ubuntu, endesheni TestDisk kwanza, kwa sababu kufuta huondoa maelezo kwenye jedwali la GPT tu, yaani orodha ya patisheni za diski, na yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ikirudi, rejesheni alama ya esp, inayoitambulisha kuwa patisheni ya EFI, kwa GParted, programu ya kugawa diski iliyomo kwenye flashi ya Ubuntu, na mara nyingi kazi imekwisha.

Isiporudi, tengenezeni mpya katika nafasi ileile. Kwenye flashi ya Windows bonyezeni Shift na F10, ingieni diskpart, chagueni diski, kisha create partition efi size=100, format quick fs=fat32, assign letter=S. Thibitisheni kwa dir kwamba C ndiyo yenye Windows, maana ndani ya flashi herufi hubadilika, ndipo muandike bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, amri inayorudisha faili za kuwashia Windows. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, hamtaisoma bila ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo mwulizeni mteja kabla hamjagusa kitu.

Kwa Ubuntu, hakikisheni flashi imewaka kwa UEFI, si kwa njia ya zamani ya BIOS; folda ya /sys/firmware/efi isipokuwepo, zimeni muwashe upya. Pachikeni mzizi, yaani patisheni kuu ya Ubuntu, kwenye /mnt, patisheni mpya kwenye /mnt/boot/efi, unganisheni humo /dev, /proc na /sys kwa mount --rbind, ingieni ndani ya Ubuntu hiyo kwa chroot, kisha grub-install na update-grub ili kurudisha GRUB, ile menyu ya kuchagua mfumo. Menyu isipoionyesha Windows, tazameni GRUB_DISABLE_OS_PROBER katika /etc/default/grub, kwa kuwa tangu GRUB 2.06 utafutaji wa mifumo mingine umezimwa hadi uuruhusu wewe.

Kijana wa juzi alifika hapo vizuri, akashangilia, na Ubuntu ikasimama njiani ikidai matengenezo ya dharura. Patisheni mpya ina UUID (namba ya utambulisho) mpya, na /etc/fstab, faili la orodha ya patisheni za kupachika, ilikuwa bado inaitafuta ile ya zamani. Tuliisoma mpya kwa amri ya blkid, akaibadilisha mwenyewe, nami sikugusa kibodi.

Betri ijazwe kabla ya kuanza, maana umeme haungoji grub-install imalize.

Jambo la mwisho sasa nalifanya kila mara. Kabla mashine haijaondoka mezani, namkalisha mwenye nayo kando yangu, naiwasha mara mbili kwa kila mfumo, na namwomba afungue faili moja la kwake katika kila upande. Kama upande mmoja ni wa mtoto wake aliye mbali, tunampigia simu, naye anatutajia jina la faili la kufungua.