Simu mpya inakwaruza: kabla hujampa fundi bisibisi

Simu nilinunua Darajani, Unguja, Jumamosi. Jumapili nikapanda boti bandari ya Malindi, na usiku wake nipo kwangu Wete, Pemba, nimejilaza mkekani, nafungulia taarab. Fidla zilianza vizuri. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ilipoingia tu, nikasikia kitu kama nzi kafungiwa ndani ya kopo. Nikapunguza sauti, nzi kanyamaza. Nikapandisha, karudi. Pesa ya simu ile nilikuwa naichanga tangu masika, kwa hiyo mnaweza kufikiri nililala usingizi gani.

Asubuhi, kabla ya skuli, nikapita kwa fundi. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika. Fundi hakuisikiliza hata nusu dakika. "Spika imekufa hii, mwalimu. Niachie, mchana uje uchukue." Bisibisi keshaishika. Kilichoniokoa ni kipindi cha kwanza, maana nilikuwa nimechelewa na simu naihitaji, nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Ningemwachia, ningelipia spika isiyo na kosa, na dhamana ya dukani ingekwisha siku ile ile. Simu ikishafunguliwa pembeni, muuzaji hana habari nayo tena.

Mchana mpwa wangu, yuko kidato cha pili, akaishika simu akaigeuzageuza. "Khalti, kwanza ivue kava."

Nikaivua. Nyuma kulikuwa na laini yangu ya zamani, niliyoihifadhi pale nisije nikaipoteza, na kipande cha tiketi ya boti kimekunjwa mara mbili. Akaupiga wimbo ule ule, sauti ile ile. Nzi kapungua kiasi cha nusu.

Ukiishika simu mkononi inapopiga muziki utausikia mgongo wake unatetemeka. Chochote kilicholegea juu ya mgongo ule kinatetemeka nao: laini, kadi, noti uliyoificha kwa dharura, hata kava lenyewe likiwa pana kidogo. Sikio haliwezi kutofautisha mlio huo na spika mbovu, lakini kidole kinaweza. Bonyeza hapa, bonyeza pale wakati wimbo unaendelea. Mahali ambapo ukibonyeza mkwaruzo unakoma, hapo ndipo ulipo. Na maadam kava umeshalivua, tazama tundu zake zinakabiliana na tundu za spika. Makava mengi ya mtaani tunauziwa kwa neno la "inakaa, inakaa," na kweli linakaa, ila limeziba nusu ya spika na sauti inatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

Nusu iliyobaki ilitutoa jasho.

Simu nyingi za sasa zina spika mbili. Moja ipo chini karibu na tundu la chaji. Ya pili ni ile ile ya sikioni, unayosikilizia mtu akikupigia. Muziki ukipigwa nayo inasaidia. Mie nilikuwa sijui. Pale dukani kijana alinibandikia protekta ya kioo kwa haraka, huku anazungumza na mteja mwingine, na ukingo wake wa juu ukapanda kwenye ule ufa mwembamba wa spika ya sikioni. Chini ya kioo, nailoni ya kiwandani ilikuwa haijatolewa yote. Kimebaki kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Mpwa wangu akakinyanyua kwa ukucha. Akaupiga wimbo tena, sauti ikafunguka upande wa juu, tukatazamana. Kwa hiyo simu ikiwa mpya, iweke kwenye mwanga na uikague pembezoni kote kabla hujamlaani aliyeiunda.

Bado ukipandisha mwisho kabisa ilikuwa inapasuka. Hapa sasa kosa lilikuwa langu mwenyewe, na nalisimulia kwa aibu. Simu yangu ya zamani spika yake ilichoka, nikawa nimeipakulia programu ya kuongeza sauti, zile zinazoahidi asilimia mia mbili. Simu mpya ilipowashwa mara ya kwanza ikaniuliza kama nataka kuhamisha vitu vyangu vyote kutoka ya zamani, nikajibu ndiyo. Vyote ni vyote. Ile programu nayo ikahamia, ikakaa kimya nyuma ya mambo, inaendelea kuinyanyua sauti ambayo haikuhitaji kunyanyuliwa.

Sauti ndani ya simu ni mawimbi yanayopanda na kushuka, na kuna kikomo ambacho wimbi haliwezi kukivuka. Nyimbo nyingi za siku hizi zimerekodiwa tayari zikiwa karibu na kikomo hicho. Programu ikizinyanyua zaidi, vilele vya mawimbi vinakatwa, vinabaki bapa kama mnazi uliokatwa kichwa, na ule ukataji ndio sikio linausikia kama kupasuka. Kurekebisha besi hadi mwisho kunaleta balaa linalofanana na hilo kwa njia nyengine: kiwambo cha spika ya simu ni kidogo mno, hakina nafasi ya kwenda na kurudi kama ngozi ya ngoma, na ukikilazimisha besi nzito kinagonga mwisho wa safari yake. Besi ya harusini haimo ndani ya simu, ya bei yoyote. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, zima vikuza sauti vyote, irudishe ekwalaiza, yaani sehemu ya kupangia besi na sauti nyembamba, katika hali ya kawaida, kisha sikiliza kwa sauti ya asilimia sabini hivi. Ikiwa safi hapo na inachafuka kidogo tu mwisho kabisa, hiyo ni spika ya simu inayofanya kazi yake.

Hujui ni programu gani inayokuchezea? Simu za Android zina hali salama. Nyingi unashikilia kitufe cha kuzimia, halafu unabonyeza kwa muda mrefu neno la kuzima mpaka ikuulize kama unataka kuingia hali salama. Ikiwaka hivyo, kila ulichopakua mwenyewe kinalala. Zinabaki programu ilizokuja nazo. Nenda kwenye milio ya simu, chagua mmoja, usikilize. Ukitoka safi, mkorofi ni mgeni uliyemkaribisha. Izime na uiwashe ikarudi kawaida, uanze kufuta kimoja kimoja, ukianza na cha mwisho kupakuliwa.

Kwa kweli mlio wa simu ndio kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu umerekodiwa vizuri na upo ndani ya simu tangu kiwandani. Usipime spika kwa kitu ambacho hukijui. Rafiki yangu mmoja alikuwa na hakika simu yake ni mbovu kwa sababu alikuwa anasikiliza nyimbo za Siti binti Saad. Nyimbo zile zilirekodiwa Bombay kuanzia 1928, kwenye santuri, na mikwaruzo ile ni ya santuri zenyewe. Ukizisikiliza kwa spika ya dhahabu zitakwaruza vile vile. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni hivyo hivyo. Mtu karekodi ufukweni, kusi linavuma, maikrofoni imejaa upepo, halafu wewe unailaumu spika yako. Ujumbe huo huo usikilize kwa hedifoni za masikioni, au umtumie mwenzio ausikilize kwa simu yake. Ukikwaruza kote, umekuja nao kutoka kwa aliyeutuma. Na kama mkwaruzo unatokea ukipigiwa simu tu, na muziki ni safi, tafuta mahali penye mtandao mzuri upige tena.

Wenye Samsung wana njia ya mkato. Kwenye nyingi, ukibonyeza *#0*# kama unayetaka kupiga namba, unafunguka ukurasa wa vipimo wenye kitufe cha spika na kitufe cha spika ya sikioni, unazijaribu kila moja peke yake.

Kuhusu mchanga na maji nitasema kwa ufupi, ingawa kwetu visiwani ndivyo vinavyoua spika nyingi. Mswaki laini mkavu, simu imeinamishwa tundu zikiangalia chini, unasugua taratibu, basi. Sindano inatoboa wavu na kiwambo. Kupuliza kwa mdomo kunapeleka mate ndani. Feni ya kukaushia nywele inapeleka moto. Mchele unaacha unga na vipande vidogo ndani ya tundu, mchele uleni. Na wale mnaosema simu yenu ni ya IP68, ile alama ya kuhimili maji na vumbi, mkaingia nayo baharini Vumawimbi: kipimo kile kinafanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikikauka ndani inabaki na inakula. Dhamana nyingi nazo hazigusi simu iliyoingia maji.

Sasa, ukiwa umevua kava, umetoa nailoni, umezima vikuza sauti, upo kwenye hali salama, na mlio wa simu bado unakwaruza kwa sauti ya nusu, hapo spika ni mbovu kweli. Nenda dukani, na uende mapema. Kabla hujaondoka nyumbani irekodi video kwa simu nyengine ikikwaruza, chumbani, kimya. Darajani saa nne asubuhi, na honi na wauza samaki, utamwambia muuzaji "sikiliza" naye hatasikia kitu, kisha atakuangalia kama wewe ndiye mbovu. Chukua boksi na risiti. Piga *#06# uhakikishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inayotokea ni ile ile iliyo kwenye boksi, maana bila ya kufanana hapo hoja yako imekufa mlangoni. Namba hiyo hiyo ukiituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 utajibiwa simu ni ya aina gani, na ukiletewa jina tofauti na lililoandikwa mgongoni, basi tatizo lako ni kubwa kuliko spika.

Sisi wa Pemba tunalipa zaidi kwa haya, kwa sababu kurudisha simu Unguja ni nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi imepotea. Siku hizi nikinunua kitu kule sitoki dukani mpaka nimeusikiliza mlio wa simu hadi mwisho, nimeweka kidole kwenye tundu la chini na la juu kwa zamu, na nimempigia mtu tukazungumza. Muuzaji ananuna. Anune.

Simu yangu sasa inaimba vizuri. Kinachokwaruza ni kimoja tu, ujumbe wa ami yangu wa Mkoani, anayerekodi simu ikiwa imegusana na midomo. Juzi nikamwandikia kwa adabu: "Ami, isogeze simu mbali kidogo." Kanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, na mpaka leo sijajua kakubali au kakataa.